Anayeijua jamii ni nani? Jibu kwa mwenyekiti anayekwenda kuchagua wajumbe wa baraza la kata

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji, na kwa nafasi hiyo ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata. Mwezi ujao tunachagua wajumbe wa baraza la kata, chombo kinachosuluhisha migogoro ya watu. Kikao kilichopita tuligawanyika. Wapo wanaomtaka mzee mmoja ambaye hakuna ukoo wala boma asilojua habari zake. Wapo wanaomtaka binti wa miaka 32 mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii, aliyekuja hapa kwa ndoa miaka 6 iliyopita. Kila upande unasema wa kwao ndiye anayeijua jamii. Kata yetu ina wakulima na wafugaji. Naomba unieleze, kuijua jamii maana yake nini hasa, na kuna uzito gani mbele ya elimu? Nikiri pia kwamba mmoja wa waliopendekezwa ni shemeji yangu.

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, ugomvi wa kikao chenu nauona umeanzia kwenye neno moja lililobebeshwa mizigo miwili. Wanaomtaka mzee wakisema anaijua jamii, wana maana kwamba anawajua watu: huyu mtoto wa nani, yule shamba lake alilipataje, koo zipi hazizikani. Wanaomtaka binti wana maana kwamba anajua watu wanavyoishi: mjane anabaki na nini baada ya arobaini, kijana asiye na shamba anakula wapi, mfugaji anapeleka wapi ndama kiangazi kikikaza. Ujuzi wote huo ni halali. Ila ule wa kwanza una sumu ndani yake, na kabla hamjapiga kura inawapasa kuijua.

Nilianza kazi nikiwa hakimu wa mahakama ya mwanzo katika wilaya ya mlimani, mimi mtu wa pwani. Enzi hizo hakimu aliketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, raia wasio mahakimu. Tukitofautiana, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Tanzania ilitaka tuamue kwa kura, na kura ya mzee ilihesabiwa sawasawa na yangu. Siku moja likaja shauri la mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la huko mlimani. Mdai anasema masale yale, mimea ya majani marefu, ndiyo mpaka tangu enzi za babu. Mdaiwa anasema ni maua tu, aliyapanda mama yake. Mashahidi watatu huku, watatu kule, wote wameapa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba mdai ameshindwa kuthibitisha, mzee mmoja wa baraza akaomba kuuliza swali. Akamwuliza mdaiwa: “Hayo masale yakirefuka, nani huyapunguza?” Mdaiwa akajibu papo hapo kwamba kila mtu hupunguza upande wake. Watu wakatazamana. Maua ya mama yako jirani hayapunguzi. Tulikwenda shambani kuona kwa macho, tukakuta mikato ya panga pande zote mbili, mingine ya miaka mingi.

Mzee yule alitoka kijiji cha mbali, na hakumfahamu mdai wala mdaiwa. Alichokifahamu ni masale. Kwa swali moja alileta mbele ya wote jambo ambalo kitabu changu cha sheria hakikuwa nalo, na mdaiwa alipata nafasi ya kulijibu.

Sasa sikiliza la pili. Shauri la wizi wa mbuzi, ushahidi dhaifu. Tumeingia chemba, chumba cha faragha, kushauriana, mzee mwingine akasema kwa sauti ya chini: “Huyu mimi namjua, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo.” Ndiyo yaliyokuwa maoni yake yote. Hakuwa amekula kiapo, hakuna aliyemhoji, na mshtakiwa aliyekuwa amesimama nje hakujua kwamba shahidi mpya amezungumza dhidi yake. Nilimwambia mzee tuangalie ushahidi tu, lakini nililisema kwa upole mno, nikichelea kumvunjia heshima mtu wa umri wa baba yangu. Ilinipasa kusimamisha shauri, nikaandika alichokisema na kuanza upya mbele ya wazee wengine. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo kipimo ninachokupa ni hiki. Ujuzi ambao mjumbe anaweza kuusema hadharani, wadaawa wote wawili, yaani mdai na mdaiwa, wakiwa wamekaa wanasikia na wanaweza kuujibu, huo ni msaada kwa haki. Ujuzi unaosemeka chemba tu, hata kama ni wa kweli, usitumike kuamua. Mahakama ya Rufani iliwahi kulisisitiza jambo la namna hiyo katika rufaa za ardhi kutoka Mbeya: maoni ya washauri wa baraza la ardhi na nyumba la wilaya lazima yatolewe wadaawa wakiwepo, wajue ni maoni gani kabla mwenyekiti hajaandika hukumu. Watu wengi waliona ni utaratibu wa makaratasi. Mimi naona ndiyo dawa ya ile kauli ya “namjua huyu”.

Nije kwenye baraza lenu. Sheria inataka wajumbe wasiopungua 4 wala kuzidi 8, wakazi wa kata, watatu kati yao wanawake, wachaguliwe na kamati yenu. Wanapoketi kusuluhisha mgogoro wa ardhi huwa watatu, na angalau mmoja awe mwanamke. Msiwachukulie hao wanawake kama idadi ya kujazia fomu. Mahakama Kuu imefuta maamuzi ya mabaraza ya kata kwa sababu kumbukumbu hazikuonyesha nani aliketi, na wanawake walikuwa wangapi. Watu waliosumbuka mwaka mzima wakarudishwa mwanzo kwa kosa la waliochagua na walioandika.

Tena kuanzia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, likishindwa linatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na mdai anakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Nimesikia wenyeviti wakisema, basi hapo hata tukichagua yeyote haidhuru. Hapana. Hapo ndipo panapohitaji watu walioiva. Anayeamua hulindwa na rufaa, akikosea kuna wa kumsahihisha. Msuluhishi akikosea, kosa lake hutoka limevaa nguo ya maridhiano. Mjane anaambiwa na wajumbe watatu, wote wa ukoo wa marehemu, “mama, tusifike mbali, weka dole gumba hapa, watoto wako wasije kukosa baba wadogo.” Anaweka. Kwenye karatasi wameelewana. Mjumbe anayeijua jamii kwa maana ninayoitaka mimi angelijua woga wa mwanamke yule unatoka wapi, angewatoa nje mashemeji, akamwuliza peke yake anachokitaka, kisha akakirudisha mezani mbele ya wote.

Umesema kata yenu ina wakulima na wafugaji. Hapo sina njia ya kuzunguka. Baraza la wakulima watupu halitaijua kata hiyo, hata wakiwa wenye busara kuliko wote. Wapeleke wajumbe wakulima kwenye uwanda usiolimwa wakati wa masika, wataona pori lisilo na mwenyewe. Mmaasai akisimama palepale ataona alalili, malisho yaliyofungwa kwa makusudi mvua zikinyesha ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate majani kiangazi. Anayedai pale hana uzio wala jembe la kuonyesha, lakini ana kanuni ambayo majirani zake wote wanaifuata. Na wafugaji nao wana wasichokiona. Shamba likishavunwa, mabua yakabaki, kwao limefunguka. Mkulima bado anayahesabu mabua yale, iwe kwa ng'ombe wake wawili wa maksai, au kwa kuuza, au kwa kulinda udongo. Mtu mmoja hawezi kuwa na macho ya pande zote. Wilaya ya Kilosa inakumbuka Desemba 2000, watu 38 walipouawa kijijini Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Sisemi baraza bora lingezuia yale yote. Nasema mahali ambapo upande mmoja unaona hauna mtu anayeelewa maisha yake kwenye meza ya kuamua, upande huo huacha kuja mezani.

Ndiyo maana nakusihi, acheni kumtafuta mtu mmoja bora. Tafuteni jopo. Swali la kujiuliza kila mnapoongeza jina ni hili: huyu anaona nini ambacho waliokwisha kuchaguliwa hawakioni? Wajerumani, waliowahi kututawala na kusikiliza mashauri yetu kwa kupitia maliwali na maakida, leo kwao wameliandika jambo hili ndani ya sheria yenyewe. Mahakimu wao wa kiraia, watu wasiosomea sheria wanaoketi na hakimu kwenye kesi za jinai, hupendekezwa na halmashauri za miji na vijiji kwa theluthi mbili ya kura, kwa kipindi cha miaka 5. Sheria inataka orodha iwakilishe makundi yote ya wananchi kwa jinsia, umri, kazi na hali ya maisha. Kwa mahakama za vijana inaongeza sharti: wawe wenye uzoefu wa kulea vijana. Na kura zao si za mapambo, kwa sababu kumtia mtu hatiani kunahitaji theluthi mbili, hivyo katika mahakama ya hakimu mmoja na wananchi wawili, wananchi hao wakikataa, mshtakiwa anaachiwa. Japani wao wamechukua njia nyingine kabisa. Tangu mwaka 2009 kesi kubwa za jinai husikilizwa na majaji watatu pamoja na wananchi sita waliopatikana kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapigakura. Bahati nasibu haijui ukoo wala shemeji, na hilo ni jema. Lakini kwa usuluhishi wa ardhi vijijini nisingeitumia, kwa sababu haiwezi kukuhakikishia kwamba mfugaji yumo.

Kuna jambo jingine ambalo Wajerumani iliwabidi walikabili, nasi hatulisemi. Mwaka 2008 Mahakama yao ya Katiba ilikubali kuondolewa kwa hakimu wa kiraia wa mahakama ya kazi aliyekuwa akipiga muziki katika bendi ya wafuasi wa siasa za kibaguzi. Mtu anaweza kuwa mzaliwa wa mahali, akajua kila njia na kila desturi, na papo hapo akawachukia baadhi ya watu wanaoishi pale. Kwenye kata yenu mtamsikia akisema “wale” kila anapowataja wafugaji, au “watu wa kuja”, au “hawa wanawake wa siku hizi”. Chukueni tahadhari naye kuliko na asiyejua kusoma.

Wala kufanana na wadaawa peke yake hakutoshi. Novemba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, aliposhtakiwa Nyeri, Kenya, mbele ya Jaji Mkuu O'Connor, waliketi pembeni ya jaji wazee washauri watatu, Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia, na Februari 1957 akanyongwa. Nani aliwachagua wale watatu, katika nchi iliyokuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, naye alitaka nini? Rangi ya ngozi yao haiwezi kulijibu swali hilo. Mkono unaochagua ndio wa kutazama kwanza, na safari hii mkono huo ni wenu.

Sasa elimu. Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa ambayo mawakili wetu wanainukuu mpaka leo, ilisema maoni ya wazee washauri yanaweza kuwa na thamani kubwa kwa jaji, lakini pale tu wanapozielewa vizuri habari za shauri pamoja na sheria inayohusika. Kuelewa si cheti. Nimeketi na wazee wasiojua kusoma walioshika mlolongo wa ushahidi wa siku nne bila kupoteza uzi, na nimeketi na mwalimu mstaafu aliyekuwa akimkatiza kila shahidi kumsahihisha Kiswahili chake. Hata hivyo migogoro ya leo inakuja na karatasi: mkataba wa kuuziana ulioandikwa kwenye daftari la shule, hati ya hakimiliki ya kimila, ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji. Hakikisheni kwenye jopo wamo wawili au watatu wanaoweza kuzisoma bila kusomewa. Mkimwachia katibu peke yake, yeye ndiye atakayekuwa baraza.

Na wajue angalau ni mahali gani desturi imegota kwenye sheria. Muleba, mwaka 1988, mwanamke aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza. Mpwa wake akaenda mahakama ya mwanzo, nayo ikabatilisha mauzo, kwa sababu kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Waliotoa uamuzi ule walifuata kile ambacho ukoo mzima ungewaambia. Mahakama ya wilaya ikautengua, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamaliza kazi: kanuni inayomzuia mwanamke kuuza na kumruhusu mwanamume haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizomo ndani ya Katiba. Miaka 9 baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika waziwazi kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au wenye ulemavu kumiliki na kutumia ardhi ni batili. Mjumbe anayeijua jamii yake anaweza kukwambia mila inasemaje. Mnayemtaka anaweza pia kukwambia mila hiyo inamwumiza nani.

Utamtambuaje? Usimwulize kama anaijua kata, kila mtu atasema ndiyo. Mwulize ni watu gani wa kata hii asiowafahamu vizuri. Anayejibu “hakuna” mwogope. Anayesema, “kule bondeni kwa wavuvi waliohamia sijawahi kukaa nao, wala sijui wanagawanaje maeneo,” huyo ameanza kazi tayari. Kisha msimulie ugomvi wa kubuni, wa mpaka au wa kisima, upande mmoja tu, unyamaze. Ukimwona anatoa hukumu papo hapo, basi. Ukimsikia akiuliza “na yule mwingine anasemaje?” shika kalamu. Mwulize pia kama alishawahi kusuluhisha ndugu yake na mtu baki, na ndugu yake akatoka bila furaha. Haya hayahitaji fedha wala mafunzo, yanahitaji nusu saa kwa kila jina.

Posho ya kazi hii ni ndogo, mara nyingine haipo. Msimbebeshe mtu ambaye njaa itamlazimisha kupokea kuku wa mdaawa, wala msidhani mwenye mali hapokei. Ulizeni jirani zake tu, wanajua.

Kwa hao wawili wenu: kama nafasi zinaruhusu, wachukueni wote. Mzee aingie kwa sharti moja, aambiwe wazi mbele ya kikao, kwamba shauri likimhusu mtu anayemjua undani wake atajitoa, au anachokijua atakisema wadaawa wakisikia. Akichukizwa na sharti hilo, amewajibu. Binti naye asikataliwe kwa kuwa alikuja kwa ndoa. Aliyeolewa ugenini amejifunza mila mbili akiwa mtu mzima, na anajua inavyokuwa kuishi mahali ambapo shamba unalolima si lako mpaka mtu aseme. Asidhani tu kwamba alichosoma chuoni kinamtosha. Akae na wazee, aende mnadani, aende kwenye maboma. Ikibaki nafasi moja, na kwenye orodha bado hamna mfugaji, basi wote wawili wasubiri. Mpeni mfugaji, na kama ni mwanamke wa kifugaji ni bora zaidi, maana kwenye kata nyingi sauti yake haifiki hata kwenye mkutano wa kijiji.

Kuhusu shemeji yako, nakushukuru kwa kulisema bila kuulizwa. Undugu haumfanyi asifae. Jina lake likifikiwa, simama useme uhusiano wenu, toka nje, usimpigie kura wala usimtetee kabla au baada. Mwombe mtendaji wa kata aandike kwenye muhtasari kwamba ulitoka, na saa uliyotoka, na ayasome maandishi hayo kabla kura hazijahesabiwa.